Matamvua ya Nyumba

Pazia haligongwi. Mlango wa mbao hugongwa, wa bati hugongwa mpaka mbwa wa jirani wakaitikia, lakini pazia ukilipiga ngumi, mkono wako utaingia ndani kabla ya salamu. Ndiyo maana tuna hodi. Mgeni husimama hatua moja nje, hukohoa kidogo, hupaza sauti. Wa ndani hujibu karibu. Kisha mgeni hunyoosha mkono, hushika ukingo wa pazia, hulisogeza kando, huinama, huingia. Nimeingia hivyo nyumbani kwa shangazi yangu kule Mpale tangu nikiwa sijafikia kimo cha komeo, na miaka yote hiyo sikujiuliza mkono wangu ulikuwa unashika nini. Mwaka huu nimejiuliza, kwa sababu ya nusu mita ya matamvua.

Mpale ni kijiji cha mlimani, wilaya ya Korogwe. Barabara kuu ya mabasi yaendayo Moshi na Arusha unaiacha huku chini pamoja na joto lake, unapanda Usambara Magharibi kwa pikipiki, na kila kona ubaridi unaongezeka. Siku ya mwanga, ukisimama mahali palipo wazi, unaiona tambarare ya Korogwe imelala chini, imechorwa mistari ya mkonge, na mbele zaidi nchi kavu ya Handeni inayeyukia kwenye vumbi. Siku ya ukungu huoni hata migomba ya jirani. Ukungu ndio mgeni pekee wa huko asiyepiga hodi: hupenya chini ya pazia, huzunguka sebule, huondoka na joto la majivu.

Shangazi alinipigia simu wiki moja kabla ya safari. "Ukija, mwanangu, niletee matamvua ya pazia la mlango. Mita tano na nusu. Yawe ya rangi ya dhahabu, yenye vishada. Usiniletee lesi, lesi ninayo." Nikasema sawa, shangazi. Moyoni nilikuwa nahesabu nauli.

Maduka ya urembo wa mapazia Kariakoo hayajifichi. Majora ya vitambaa yamesimamishwa wima kama watu kwenye foleni, na ukutani, mpaka darini, zimepangwa rola za vitu ambavyo vikiwa peke yake havina kazi: lesi nyembamba na pana, riboni, kamba za kusokotwa zenye uzi unaong'aa, matamvua mafupi ya mito, matamvua marefu ya mapazia, vishada vinene vya kufungia pazia pembeni, shanga za kioo zilizotungwa kwa urefu wa kidole. Huwezi kuvila, huwezi kujifunika. Muuzaji alipima kwa rula ya mbao iliyopigiliwa mezani, akaniambia hakati nusu. Ni tano au ni sita. Nikamwambia tano. Nusu ile niliidhania ya tahadhari tu, kama chumvi ambayo mama huitaja kwenye orodha ya sokoni hata kopo likiwa limejaa. Isitoshe, kitu chenyewe nilikiona hasara tangu mwanzo, na hasara ya mita tano ni afadhali kuliko ya sita.

Katika ubahili huo nilikuwa na wazee upande wangu. Nyumba njema si mlango, wanasema, fungua uingie ndani. Uzuri wa mkakasi, wanaongeza, ndani kipande cha mti. Methali hizo nimelishwa tangu shule ya msingi, nami nilizirudia kwenye basi kama mtu anayevuta tasbihi: pazia lenyewe linatosha, kulitia matamvua ni kumvika mbuzi kofia. Lakini methali ni shahidi, na shahidi huhojiwa. Ile ya kwanza haikumkataza mtu kupamba mlango. Ilimwambia afungue, aingie. Na anayefungua pazia lazima ashike mahali.

Neno lenyewe lina kazi mbili. Mtoto wa Tanga mjini hulijua kwanza sokoni: matamvua ni zile nyama nyekundu zilizojipanga kama kitana nyuma ya kichwa cha samaki, ambazo mama huzifunua kwa kidole kuona kama samaki ni wa leo au wa juzi. Darasani hulisikia tena, kwamba samaki hupumua kwa matamvua. Mpale bahari iko mbali, kwa hiyo huko neno limebaki zaidi na maana yake ya pili, nyuzi zinazoning'inia kwenye ncha ya nguo. Aliyeziweka maana hizo mbili katika neno moja alikuwa na jicho. Zote ni nyuzi nyingi zilizopangwa ukingoni, pale ndani inapokutana na nje. Na ukilitazama pazia la mlango saa nane mchana, upepo wa bondeni unapopanda, utaliona likijaa, likilegea, likijaa tena, na matamvua yake yakifunguka na kufumba. Nyumba inavuta pumzi.

Matamvua nayo hayakuzaliwa kuwa urembo. Mfumaji akimaliza kitambaa hukikata kutoka kwenye kitanda cha mfumi, na nyuzi za mtande, zile za urefu, hubaki zimetokeza ncha mbili bila mshindio wa kuzishika. Ukiziacha hivyo, kitambaa hufumuka kuanzia mwisho kurudi nyuma, mstari kwa mstari. Basi huzisokota mbili mbili, nne nne, akazipiga fundo. Kikoi cha pwani kinapata matamvua yake kwa njia hiyo, mapajani mwa mtu anayesokota uzi kwa uzi mpaka nguo iwe salama. Mkeka nao una habari hiyo hiyo: hata ukili ukishonwa vizuri namna gani, ukingo usipomaliziwa mkeka huanza kuachia siku ya kwanza watoto wanapouburuza uani. Na Washambaa wa zamani, waliojenga nyumba za msonge, hawakuwa na pazia wala Kariakoo, ila nyasi za paa ziliteremka mpaka karibu na ardhi, zikaizunguka nyumba nzima na kuitiririsha mvua mbali nayo. Hayo nayo yalikuwa matamvua.

Pwani kulikuwa na neno jingine, taraza, ambalo siku hizi lina makazi kwenye kamusi kuliko midomoni: utepe mwembamba wa hariri uliofumwa kwa mkono kwenye ukingo wa nguo. Limetoka kwenye Kiarabu, tiraz, na katika enzi za makhalifa tiraz ulikuwa ukanda wa maandishi uliobeba jina la mtawala. Dola ilikuwa na karakana zake kwa kazi hiyo, na aliyetunukiwa joho lenye ukanda ule alitembea akitangaza ni mtu wa nani. Sisi tuna khanga. Khanga ina mji katikati, pindo pande zote nne, na jina, yale maneno yanayokaa juu ya pindo la chini. Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa ambaye khanga zake zinajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", anatajwa kuwa ndiye aliyeanza kuyatia maneno hayo mwanzoni mwa karne ya 20. Khalifa aliandika ukingoni jina lake. Mwanamke wa Pwani akaandika alichotaka jirani akisome. Wote walijua kwamba jicho la mtu husoma nguo kuanzia pindoni.

Shangazi hasemi taraza. Anasema kumalizia. Kwake nguo isiyo na pindo haijaisha, na sebule yake yote imemaliziwa. Makochi yana vitambaa vyeupe vya kufuma, mgongoni na kwenye mikono. Redio ina chake. Kabati la vyombo lina chake kilichochongoka pembe tatu mbele. Meza ina kikubwa kinachoning'inia pande zote kama shumizi. Vijana wa mjini wameviacha vitambaa hivi, wanasema ni ushamba, tena juu ya kochi la ngozi bandia havitulii. Lakini tazama vilipowekwa. Mgongo wa kochi ndipo kichwa chenye mafuta kinapoegemea, na mkono wa kochi ndipo kiganja chenye jasho kinapotua. Kitambaa hufuliwa, kochi halifuliwi. Mama zetu walifuma maua mahali palepale ambapo nyumba ingechafuliwa na kupendwa kwake na watu.

Sitaki kudai kwamba kila kishada kina hekima. Vingine ni vya kujionyesha, na kujionyesha kuna raha yake. Huko Ufaransa kazi ya kusuka kamba, vishada na matamvua ilikuwa ufundi uliosimama peke yake, wenye chama chake cha mafundi, na majumba ya wafalme yalimeza nyuzi za hariri na dhahabu ambazo hazikuzuia kitu chochote kufumuka. Mabaki ya ladha hiyo hutufikia ndani ya mitumba. Mapazia mazito ya Ulaya, yaliyochuja rangi kwa jua la dirisha fulani tusilolijua, humwagwa juu ya turubai siku ya gulio, na mwanamke anayejua huyapita yaliyo mazuri akachagua lililochakaa, kwa sababu anatazama pindo lake. Nyumbani hulifumua kwa wembe, uzi baada ya uzi, akatupa pazia akabaki na urembo. Ile lesi ambayo shangazi alisema anayo ilipatikana hivyo. Imeshakaa kwenye mapazia matatu. Kitambaa kinazeeka, pindo linahama.

Zamani za koroboi, lesi nyeupe kule Mpale ilikuwa vita. Moshi wa mafuta ya taa ulipanda, ukatua kwenye nyuzi, na ndani ya wiki mbili maua yote yalikuwa yamefiwa. Matamvua marefu hayakuthubutu kukaa dirishani karibu na meza ya taa. Kisha kampuni ya Ensol ikajenga kijijini mtambo wa umeme wa jua, na nyaya zikaenda nyumba kwa nyumba. Wageni wakieleza manufaa ya umeme huo hutaja kuchaji simu, friji, wanafunzi kusoma usiku. Shangazi huanza na mapazia: masizi yamekwisha. Na kuna jambo ambalo hakuna aliyelipangia. Mchana, aliye ndani ndiye anayeona maua ya lesi, kwa kuwa mwanga uko nje. Usiku, taa ikiwa ndani na kijiji kikiwa gizani, maua yanageuka upande. Apitaye njia huyaona yamesimama meusi juu ya mwanga, dirisha baada ya dirisha, na anaweza kukuambia ni nyumba ya nani kwa pindo lake tu.

Nilifika jioni. Nilipomwamkia, shangazi aliitikia marahaba huku mkono umeshaingia kwenye mfuko. Aliyatoa matamvua, akayapima kwa ziraa, ncha ya kidole mpaka kiwiko, midomo ikihesabu kimya. Akarudia. Akanitazama.

"Nilisema na nusu."

"Nusu mita tu, shangazi."

Hakunigombeza. Alinionyesha hesabu, kama anavyomwonyesha mtoto. Pazia la mlango lina urefu wa mita mbili, na linamaliziwa pande zote mbili, hizo ni nne. Upana wa mlango haufiki mita, ila kitambaa kinakatwa karibu mara mbili ya upana ili kipate marinda, kwa hiyo chini ni mita moja na nusu. Tano na nusu. Hakukuwa na chumvi ya tahadhari popote. Nikapendekeza upungufu tuupeleke upande wa ukutani, ambako hakuna anayetazama. Akatikisa kichwa, akaliteremsha pazia la zamani na kulitandaza sakafuni.

"Shika hapa uone."

Matamvua ya zamani yalikuwa ya kijani, au yalipata kuwa ya kijani. Chini yalikuwa yamejaa vumbi lakini kamili. Upande wa ukutani yalikuwa mazima. Upande wa kufungulia yalikuwa mazima pia, isipokuwa mahali pamoja, kuanzia kifua cha mtoto wa darasa la kwanza mpaka kifua cha mtu mzima. Pale palikuwa pamenyonyoka. Vishada vimekwisha, utepe umekuwa mweusi, umelainika na kung'aa kama mpini wa jembe. Nilipima kwa ziraa yangu. Ziraa moja, nusu mita kasoro kidogo.

Nilikaa nikilitazama doa lile. Chini kabisa yake palikuwa pa kwangu, wa miaka ile. Palikuwa na mikono ya wajukuu, ya jirani aombaye chumvi, ya waliokuja kupeana habari za msiba na ya waliokuja kuposa. Mikono yenye udongo wa shamba, yenye unga, yenye maji ya kutawadha. Mahali pengine wageni huandika majina yao kwenye kitabu.

"Kila nikiweka mapya, hapa ndipo panapokufa kwanza," alisema shangazi. "Basi upungufu wako tutauleta hapa. Hapa hapataki dhahabu."

Akamtuma mjukuu aende nyuma ya nyumba akalete kamba ya katani, ile ya kufungia mbuzi, siyo inayotumika, ile iliyobaki.

Mkonge si mwenyeji wa Tanga, ingawa mtu wa Korogwe hawezi kuifikiria nchi yake bila huo. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyopona ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Kutoka kwenye hiyo 62 yakaja mashamba ya Hale, Magunga, Ngombezi, Magoma, majina ambayo katika familia nyingi ni jina la kazi ya baba au ya babu. Jani moja lina nyuzi kama 1,000, na mmea mmoja hutoa majani 200 hadi 250 kabla ya kusimamisha mlingoti wake na kufa. Mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000. Kufikia mwisho wa karne ilikuwa imebaki kama sehemu moja ya kumi. Wengine hutaja kutaifishwa kwa mashamba mwaka 1967, wengine bei ya dunia, lakini hakuna anayeacha kutaja nyuzi za plastiki, ambazo zilishika kazi ya kamba bandarini, melini na kwenye mashamba ya nyasi ya nchi za baridi. Nami siku ile nilikuwa nimepita katikati ya mkonge nikiwa na mita tano za poliesta zimekunjwa mfukoni, ndugu wa damu wa nyuzi zile zilizouangusha, nikiipandisha mlimani ili ikapambe nyumba ya mtu ambaye mume wake alikata majani huko chini.

Shangazi hakuwa na ugomvi na mojawapo. Usiku ule, chini ya taa, alikata poliesta vipande viwili, akachoma ncha zake kwa kiberiti. Zikayeyuka, zikajifunga zenyewe. Katani haiyeyuki. Aliifumua kamba ya mbuzi, akailoweka, akaisuuza, na asubuhi ilipokuwa imekauka akaisuka upya mikono mitatu, taratibu, akiilainisha kwa kiganja, kisha akapiga fundo kila ncha. Ya dhahabu aliishona kwa cherehani, mguu ukikanyaga. Ya katani aliishona kwa mkono, kwa sindano ya magunia, pale penye kimo cha mikono. Niliona kwamba hakuwa akificha upungufu. Kama ningeleta mita sita, asingeipata nafasi hiyo.

Tulilitundika kabla ya chai. Kwa mbali lilikuwa pazia la fahari, dhahabu pande tatu, na ubavuni kovu la rangi ya nyasi kavu. Nilitaka kusema kitu, nikakosa. Shangazi akanisukuma begani.

"Toka, halafu uingie."

Nikatoka. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vidole vya miguu, na mashamba ya huko chini hayakuonekana. Nilisimama hatua moja mbali na mlango, nikakohoa, nikapiga hodi. Ndani akajibu karibu, kwa sauti ile ile anayowajibia watu wote. Nikanyoosha mkono, nikashika, nikaingia nikiangalia kiganja changu.

"Inakwaruza, shangazi."

"Bado haijawajua watu," akasema, akaenda kumimina chai.